Mimba zabibu, muguka wa Gachoka na alama zilizo juu ya jeni

Mpwa wangu aliolewa Gachoka, kule Mbeere Kusini katika kaunti ya Embu, kwenye familia inayolima muguka. Mwaka wa kwanza wa ndoa akashika mimba. Mwezi wa tatu alianza kutokwa na damu, tumbo likawa kubwa kuliko miezi yake, na kutapika hakukatiki. Ilipopigwa picha ya tumbo, mtoto hakuonekana. Vilionekana vijifuko vingi vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu, na ndiyo sababu Kiswahili kikaiita mimba zabibu.

Hata wodini hajatoka, huku Kisauni hukumu ilikuwa imeshapitishwa. Shangazi mmoja aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Si tulisema? Mume ametafuna majani hadi mbegu zimeoza." Mwingine akaongeza kwamba hata akija kuzaa, atazaa mtoto zezeta. Kule Gachoka nako, nilikuja kusikia baadaye, palikuwa na minong'ono ya upande wa pili, kwamba binti wa Pwani ana tumbo bovu. Mimi nilifanya kazi ya maabara zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, kwa hivyo simu zote zikaja kwangu. Nikaona heri niende mwenyewe. Mpwa wangu amenipa ruhusa niyaandike haya bila kumtaja jina.

Wengi wetu Pwani twaijua Gachoka kwa majani yake tu. Ni kituo kidogo kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Kiritiri, mahali ambapo ardhi inateremka kutoka mlimani na kuwa kavu, kuelekea mto Tana, ule ule unaokuja kumwaga maji yake kwetu Kipini. Muguka ni mmea mmoja na miraa, Catha edulis kwa jina la kisayansi. Tofauti ni kwamba miraa ya Meru watu hutafuna ganda la vijiti, na muguka hutafunwa majani machanga. Mei 2024 gavana wetu wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka kuingia kaunti hii, Kilifi ikafuata, Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa muguka unatambuliwa na sheria ya mazao, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Huku kwetu yalikuwa maneno ya siasa na ya wazazi waliochoka kuona vijana wao hawalali. Kule ilikuwa karo ya shule.

Kwa hivyo baba mkwe wa mpwa wangu aliponiwekea chai, swali lake lilikuwa limebeba mengi. "Mkwe," akaniambia, "nyinyi wa Pwani mwasema tunawaua vijana wenu. Sasa na wajukuu wetu tumewaua pia? Nieleze kama mtu wa hospitali, usinieleze kama mtu wa Mombasa."

Nilianza mbali kidogo, na hapa pia nitaanza hapo.

Kila seli ya mwili wa mtu ina DNA ileile. Seli ya jicho, ya ini, ya ngozi, zote zina daftari moja, lenye jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Ukiinyoosha DNA ya seli moja ina urefu wa mita 2 hivi. Lakini jicho halitoi nyongo na ini halioni. Fikiria jiko la harusi: mpishi wa biriani na mpishi wa mahamri wamepewa daftari moja la mapishi, kila mmoja nakala yake. Kurasa zisizomhusu zimebanwa kwa kibanio. Maandishi yamo yote, hakuna herufi iliyofutwa, ila ukurasa uliobanwa hausomeki.

Kwenye DNA vibanio viko vya namna mbalimbali. Kilicho maarufu zaidi ni methili, kipande kidogo cha kemikali chenye kaboni moja na haidrojeni tatu, ambacho hubandikwa juu ya herufi C. Pale jeni inapoanzia pakijaa methili, jeni hiyo hunyamaza. Kingine ni histoni, protini ambazo DNA imezungushwa juu yake kama uzi kwenye kibiringo. Uzi ukikazwa, jeni hazifikiki, na ukilegezwa husomwa. Elimu ya vibanio hivi huitwa epijenetiki. Jina hilo alilileta Mwingereza Conrad Waddington mwaka 1942, kabla hata umbo la DNA halijajulikana.

Seli ya ini ikigawanyika, watoto wake hurithi vibanio vilevile, nao huwa ini. Hapo ndipo mbegu za uzazi zinapotofautiana na mwili mzima. Mbegu ya kiume na yai vikikutana lazima vianzishe mtu kamili, mwenye jicho na ini na kila kitu. Haviwezi kuja na daftari lililobanwa kwa kazi moja.

Mimba ikiwa na wiki tatu hivi, mwanamke pengine hajajua kama ana mimba, seli chache za kijusi hutengwa zije kuwa mbegu au mayai ya mtu huyo. Seli hizo husafiri hadi mahali ambapo korodani au ovari zitakuwa, na humo njiani alama zao za methili hufutwa karibu zote. Waliosoma chuoni zamani wataelewa haraka: ule ubao wetu wa mbao, ukishahifadhi somo, unauosha kwa maji ndipo uandikiwe jingine. Baada ya kufutwa huandikwa upya, kwa mwanamume kwa mwandiko wa kiume, na kwa mwanamke kwa mwandiko wa kike. Kwa mwanamume uandishi huo huanza mapema, akiwa tumboni mwa mamake. Kwa mwanamke hukamilika baada ya kuzaliwa, yai linapokua. Tena mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote tayari, kwa hivyo mama mwenye mimba ya binti amebeba ndani yake na mwanzo wa wajukuu. Jambo hili nilipolisema kule Gachoka, mama mkwe aliyekuwa akipepeta maharagwe aliacha kupepeta.

Mmoja wa waliotufundisha jambo hili ni mtu wa Afrika Mashariki, na inanishangaza kwamba jina lake halitajwi shuleni kwetu. Azim Surani alizaliwa Kisumu mwaka 1945. Akaenda Cambridge, akasomea shahada yake ya uzamifu chini ya Robert Edwards, yule ambaye kazi yake ilileta mtoto wa kwanza wa chupa mwaka 1978. Mwaka 1984 Surani na wenzake walichukua mayai ya panya yaliyorutubishwa wakayabadilisha viini. Mengine wakayapa viini viwili vya mama bila cha baba, mengine viwili vya baba bila cha mama. Kwa hesabu ya DNA hapakupungua kitu, kila yai lilikuwa na jozi kamili. Lakini hakuna panya aliyezaliwa. Yale ya mama peke yake yalianza kujenga kijusi, lakini kondo la nyuma likawa hafifu. Yale ya baba peke yake yakawa na kondo lenye nguvu, na kijusi kikawa si kitu. Mwaka huohuo Davor Solter na James McGrath walipata jibu hilohilo huko Philadelphia. Surani na Solter walikuja kutunukiwa pamoja tuzo ya Gairdner ya Kanada mwaka 2018.

Maana yake ni kwamba zipo jeni ambazo nakala ya baba husomwa na ya mama ikabanwa, na nyingine kinyume chake. Hii ni chapa ya mzazi. Ile ya baba husukuma ukuaji na kondo, ile ya mama hushika breki. Mtoto huhitaji vyote viwili.

Sasa rudi kwa mpwa wangu. Mimba zabibu kamili ni majaribio ya Surani yaliyofanywa na maumbile yenyewe. Yai limepoteza kromosomu zake. Mbegu ya kiume inaingia na kromosomu zake 23, haikuti mwenzake, inajinakili, zinakuwa 46. Mara chache mbegu mbili huingia kwenye yai lilelile tupu. Kwa vyovyote vile, kilichomo chote ni cha baba. Kondo linaota bila breki, vijifuko vinajaa maji, na mtoto hayumo. (Kuna aina nyingine, mimba zabibu nusu, ambapo yai ni zima lakini limeingiliwa na mbegu mbili. Hatari yake ni ndogo zaidi.)

Nilimwambia mzee hivi: mbegu ya mwanao haikuoza, ilifanya kazi yake na ikapitiliza. Kilichokosekana ni upande wa mama katika yai lile moja, na yai hupotea hivyo kwa ajali. Halikuharibiwa na chakula wala na mwendo wa mwanamke. Hutokea kama mara moja katika mimba 1,000, na zaidi kwa wasichana wadogo sana na kwa wanawake waliopita miaka 40. Uwezekano wa kumrudia mwanamke yuleyule ni kama 1 kwa 100. Wachache mno ambao huwarudia kila mara, mwaka 2006 iligunduliwa kwamba wengi wao wamerithi hitilafu katika jeni iitwayo NLRP7. Kwa hao yai halikosi kromosomu, lina zote, ila chapa ya mama haikuandikwa. Daftari zima, vibanio hakuna, na matokeo yakawa ni zabibu zilezile. Mimi sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kuonyesha kwamba kibanio kina uzito sawa na herufi.

Halafu nikamwambia lile ambalo hakuna aliyekuwa amelizungumza kwenye kundi la ukoo, nalo ndilo lililonipandisha basi. Mimba zabibu ikishasafishwa mambo hayajaisha. Katika kila wanawake 100 waliopata ile kamili, 15 hadi 20 hubakiwa na chembe zinazoendelea kukua, na baadhi huwa saratani ya kondo, koriokasinoma, inayoweza kufika mapafuni. Dalili ya kwanza haionekani kwa macho. Huonekana kwenye damu, kwa kupima homoni ya mimba, hCG. Hupimwa kila wiki hadi ishe kabisa, kisha kila mwezi, kwa kawaida kwa miezi sita, au kama daktari atakavyopanga. Muda wote huo mwanamke atumie uzazi wa mpango, kwa sababu mimba mpya hupandisha homoni ileile na hapo hakuna awezaye kutofautisha. Wanaoacha kwenda kupima kwa kuwa "damu imekatika na tumbo limelala" ndio wanaonitia hofu. Saratani hii ikishikwa mapema hupona karibu yote, na uzazi hubaki. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza za uvimbe kuponywa kwa dawa peke yake, methotreksati, kazi ya Min Chiu Li na Roy Hertz huko Marekani iliyotangazwa mwaka 1956.

Mpwa wangu alikuwa amepima mara mbili tu. Ya tatu hakuenda, kwani nauli ya kwenda Embu mjini ilikuwa na mjadala na watu walikuwa bado wanabishana nani wa kulaumiwa.

Saratani nyingine nazo huchezea vibanio hivi hivi, bila kungoja yai tupu. Daftari la seli ya saratani limevurugwa pande mbili kwa pamoja: kwa jumla methili imepungua, kurasa zilizofaa kufungwa zikawa wazi, na papo hapo kurasa chache muhimu zimebanwa zisisomeke. Zinazobanwa aghalabu ni za walinzi. Kuna jeni iitwayo p16 ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Kwa wavuta sigara imeonekana ikiwa imefungwa kwa methili katika makohozi, hata kabla saratani ya mapafu haijajitokeza. Herufi zake ni nzima. Na ile chapa ya mzazi nayo hupotea: jeni ya ukuaji IGF2, ambayo yafaa isomwe nakala ya baba tu, husomwa zote mbili katika baadhi ya uvimbe wa Wilms, saratani ya figo inayowapata watoto wadogo.

Upande wa kurasa zinazofunguka ndio wa ajabu zaidi. Zipo jeni ambazo kwa mtu mzima husomwa korodanini peke yake, mahali mbegu zinapotengenezwa, na kwingineko kote zimefungwa. Mwaka 1991 watafiti wa Brussels chini ya Thierry Boon walikuta jeni moja ya aina hiyo, MAGE-A1, imefunguka kwenye saratani ya ngozi. Tangu hapo zimepatikana nyingi. Seli ya ngozi au ya pafu imeanza kuishi kama mbegu, inagawanyika bila kuchoka na haina habari na majirani zake. Lakini hapo hapo imejianika. Askari wa mwili hawafiki kwa kawaida kwenye mbegu za korodanini, kwa hivyo hawazitambui protini hizo kuwa za nyumbani, na wakiziona kwingine wanaweza kufundishwa kuzishambulia. Agosti 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya namna hiyo kwa saratani adimu ya tishu laini: askari wa mgonjwa mwenyewe hutolewa, hufundishwa kuitambua MAGE-A4, hurudishwa. Bei yake bado si ya watu kama sisi.

Na kibanio, tofauti na herufi, kinaweza kubanduliwa. Dawa ya azasitidini iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, na desitabini mwaka 2006, kwa magonjwa ya uboho yanayoelekea kuwa saratani ya damu. Zote mbili huzuia methili isinakiliwe seli inapogawanyika, na baadhi ya jeni zilizonyamazishwa husomwa tena.

"Na muguka?" mzee akauliza. Alikuwa na subira, lakini hakuwa amesahau.

Kuhusu mimba zabibu, muguka haumo. Lakini sikutaka mzee aende akiwaambia majirani kwamba mtu wa hospitali kutoka Mombasa ameutakasa. Watafiti wa Kenya waliwapa nyani miraa, matokeo yakatangazwa mwaka 2006: homoni ya kiume ilipanda. Wengine wakawapa sungura dume, yakatangazwa mwaka 2008: homoni ya kiume ilishuka, na ile ya msongo, kotisoli, ikapanda. Homoni ni homoni, na hapo hakuna aliyepima alama za methili kwenye mbegu. Anayesimama barazani akasema majani hayo yanaandika uzezeta kwenye mbegu, amelitoa kichwani mwake. Mbegu za kiume zenyewe hutengenezwa upya kila siku, kila kundi huchukua siku 74 hivi, na mimba ikishatungwa ubao huoshwa kwa mara nyingine, isipokuwa zile chapa za wazazi na sehemu chache.

Madhara ya muguka tunayoyaona kwa macho yanatosha, hayahitaji kuongezewa chumvi: usingizi unakatika, hamu ya chakula inapotea, pesa ya jikoni inaishia kibandani, na wengine akili huwachafuka kabisa. Tena nani atafunaye muguka maskani bila sigara mkononi? Hapa sayansi haina mzaha. Moshi wa tumbaku hubadilisha alama za methili kwenye damu waziwazi kiasi kwamba mtu akipimwa katika jeni iitwayo AHRR hujulikana kuwa ni mvutaji bila kuulizwa, na watoto wachanga wa mama waliovuta wakiwa wajawazito wamezaliwa na alama hiyo. Mtu akiacha, alama huanza kurudi polepole kwa miaka. Na tusiwacheke wa bara: tambuu yetu yenye popoo, hata bila tumbaku, iko kwenye orodha ya visababishi vya saratani vya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani. Muguka haumo kwenye orodha hiyo.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza swali lililonifurahisha: je, upo wakati ambapo chakula cha mama huandika kitu kwa mtoto? Upo. Uholanzi wakati wa njaa ya 1944 na 1945, mimba zilizotungwa katika njaa ile zilipochunguzwa miaka 60 baadaye, watu hao walikuwa na methili pungufu kwenye ile IGF2 niliyoitaja. Methili mwili huipata kupitia chakula, kwa msaada wa foliki asidi na vitamini B12. Embu yenyewe ina historia hapa. Kuanzia mwaka 1998 watafiti wa Nairobi na Marekani waliwapa watoto wa shule za wilaya hiyo githeri, wengine ikiwa na nyama, wengine na maziwa, wengine na mafuta zaidi. Wengi walianza wakiwa na upungufu wa B12, na nyama na maziwa viliupunguza. Nilimwambia kwamba mpwa wangu atakaporuhusiwa kushika mimba, aanze vidonge vya foliki asidi kabla, asingoje kliniki, na maziwa yale ya ng'ombe wake yasiuzwe yote. Akacheka, akasema maziwa yote husimamiwa na mzee.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Embu mjini watu watatu, mpwa wangu, mumewe na mimi. Homoni ilikuwa imeshuka, lakini haijaisha. Tuliporudi mzee alichukua kalenda iliyokuwa ukutani, ile anayoandikia siku za kuchuma na deni la madalali, akataka nimtajie tarehe za vipimo moja moja. Aliziandika kwa kalamu nyekundu hadi mwisho wa mwaka. Kwenye kundi la ukoo nilituma sauti ya dakika sita. Shangazi alijibu saa nne usiku, akiuliza kama binti yake aliyepata mimba kama hiyo miaka miwili iliyopita, na hakupimwa tena, bado anaweza kwenda.

Nikamwambia aende kesho.